Kuhama na bustani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotoka eneo kubwa kwenda dogo, au dogo kwenda kubwa

Anayehama nyumba huhesabu vitanda, makabati na masufuria. Bustani hukumbukwa siku ya mwisho, gari likiwa tayari mlangoni. Mimi nimehama mara nne: uwanja mpana, roshani, kiuwanja cha nyuma ya nyumba, kisha uwanja mpana tena. Maswali yaliyo hapa niliyauliza mwenyewe, na sasa naulizwa na wengine. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuibeba bustani ya zamani kichwani, akataka kuikunja iingie penye nafasi ndogo au kuitandaza ijaze nafasi kubwa.

## Kabla ya kuhama

Nimejua nitahama baada ya miezi michache. Nianzie wapi?

Anza na kalenda, chepe litafuata. Ukiwa na miezi mitatu au zaidi, una muda wa kukusanya mbegu, kukata vipandikizi na kungoja vitoe mizizi, hata kuuandaa mti mdogo uhamishike. Ukiwa na wiki mbili tu, achana na miti. Shughulika na mbegu, vipandikizi na mimea iliyo kwenye vyungu.

Usipande tena vitu vitakavyoiva ukiwa umeshaondoka, labda kama umekubaliana na anayeingia. Halafu piga picha za bustani kutoka kila upande na uandike nini kilistawi wapi. Ukijua kwamba pilipili zako zilizaa vizuri penye jua la asubuhi pekee, utakuwa na pa kuanzia ukifika ugenini.

Nibebe mimea ipi, na ipi niiache?

Beba ile usiyoweza kuipata tena: waridi uliopewa na mama, mbegu ulizozichagua mwenyewe msimu baada ya msimu. Mmea unaopatikana kwenye kitalu chochote cha miche hauna sababu ya kuchukua nafasi garini.

Mgonjwa abaki. Chimbua mmea mmoja wa kila aina uangalie mizizi yake. Ukiona uvimbe usio wa kawaida, huenda ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayovimbisha mizizi, na ukiuhamisha mmea huo unaihamisha minyoo hadi kwenye udongo ambao pengine ulikuwa safi. Usichanganye na vinundu vya kwenye mizizi ya maharage na kunde. Vile hubeba bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, na ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka. Uvimbe wa minyoo haubanduki kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Mimea mingi huna haja ya kuihamisha mizima. Kata kitawi cha sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya fundo (pale jani linapoota), toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliolowa na uweke kivulini. Mnanaa hutoa mizizi hata kwenye glasi ya maji, ndani ya wiki moja au mbili. Rozimari huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo yenyewe ianze mapema. Kuhusu mbegu, kumbuka kwamba zile unazokamua kutoka kwenye mmea wa chotara hazitoi mmea unaofanana na mzazi wake.

Mimea ya kwenye vyungu isafirishwe vipi?

Imwagilie siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Udongo wenye unyevu wa kiasi hushikilia mizizi, lakini uliojaa maji huongeza uzito na kumwagika. Punguza matawi marefu, funga yaliyobaki kwa kitambaa laini, na uipakie mwishoni ili ishuke kwanza. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani hata kwa muda wa chakula cha mchana. Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda haraka sana, na majani huungua kabla hujarudi.

Ikifika, isiwekwe mara moja kwenye jua kali. Ianze kivulini, kisha uizoeshe jua kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

Naweza kuuhamisha mti uliokwisha kushika ardhini?

Mdogo, ndiyo. Kanuni ya wapanda miti ni kwamba bonge la udongo linalong'olewa na mizizi liwe na upana wa mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 5 linahitaji bonge la sentimita 50 hadi 60, na bonge hilo ni zaidi ya kilo 100 za udongo mbichi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi ni uamuzi wa busara.

Ukiamua kujaribu, miezi kadhaa kabla chimba mfereji mwembamba kuuzunguka mti kwenye mpaka wa bonge, ukikata mizizi kwa chepe kali, kisha urudishie udongo. Mti utatoa mizizi midogo mipya ndani ya mpaka huo, na hiyo ndiyo itakayounywesha maji ugenini. Ung'oe wakati ukuaji umetulia au mvua zinapoanza, jioni au siku ya mawingu. Mpapai usiusumbue. Mizizi yake haipendi kabisa kuguswa, na mbegu zake huota upesi.

## Kuijua bustani mpya

Kwa nini nisianze kupanda siku nitakayofika?

Kwa sababu hujui ulichonacho. Ardhi unayoiona tupu inaweza kuwa na vitunguu vya maua vilivyolala chini yake, bomba la maji, au sehemu inayogeuka dimbwi kila mvua ikinyesha. Kama unaweza kuvumilia, kaa msimu mmoja mzima ukiangalia, huku ukipanda mboga za haraka kwenye vyungu ili mikono isikae bure. Mambo ya kudumu, yaani miti, njia na kuta za matuta, yangoje.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa na kijiti kikavu kando ya tangi. Nilishakishika nikitaka kuking'oa, nikakikwangua gamba kwa kisu kidogo kwanza, nikaona kijani chini yake. Miezi miwili baadaye kilikuwa kimejaa maua. Tangu hapo sing'oi kitu chochote bila kukikwangua.

Nitajuaje kama jua linatosha?

Chora ramani ya uwanja kwa mkono, haihitaji kupendeza. Siku isiyo na mawingu, weka alama ya kivuli saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Mimea inayozaa matunda kama nyanya, pilipili na biringanya inataka jua la moja kwa moja la saa 6 hadi 8 kwa siku. Mboga za majani huridhika na saa 3 au 4.

Ramani ya siku moja haitoshi kwa mwaka mzima. Mbali na Ikweta, vivuli vya majira ya baridi huwa virefu mno, na tuta lenye jua wakati wa joto linaweza kukaa gizani miezi mitatu. Karibu na Ikweta jambo ni tofauti, na wengi halijawahi kuwapitia akilini: mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini, Desemba huwa kusini, hivyo kivuli cha ukuta mmoja hubadili upande kati ya nusu mbili za mwaka. Rudia kuchora baada ya miezi mitatu.

Udongo je? Sina maabara.

Mtungi wa kioo unatosha kuanzia. Jaza theluthi moja kwa udongo uliotolewa mawe na mizizi, ongeza maji karibu mpaka juu, funika, tikisa kwa nguvu, kisha uweke mahali usipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili. Chembe za tope hufuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, maji yakibaki na rangi ya chai ya maziwa. Ukitazama matabaka hayo utajua unashughulika na nini.

Kisha pima upitishaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, halafu uangalie maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, mizizi itakosa hewa hapo, kwa hiyo panda juu ya tuta lililoinuliwa. Yakishuka zaidi ya sentimita 10, maji yanakimbia na mboji itakuwa rafiki yako mkubwa. Dawa ya hali zote mbili ni mboji. Kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi sikushauri: usipokuwa mwingi sana, unapata kitu kigumu kama tofali.

Nitajuaje ukubwa ninaoumudu?

Piga hesabu ya maji kwanza. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga nyingi huhitaji kama milimita 25 kwa wiki. Basi mita 10 za mraba zinakunywa lita 250 kwa wiki, sawa na ndoo 12 na nusu za lita 20. Mita 100 za mraba zinakunywa lita 2,500, yaani ndoo 125. Mvua ikinyesha, toa iliyonyesha. Isiponyesha, jiulize nani atabeba ndoo hizo.

Mtu akiniambia amepata uwanja mkubwa, namuuliza bomba liko wapi kabla sijamuuliza mita ngapi. Ukubwa halisi wa bustani yako ni ule unaoweza kuunywesha na kuupalilia wiki uliyochoka, si wiki uliyofika ukiwa na furaha.

## Kutoka kubwa kwenda ndogo

Nilikuwa na uwanja, sasa nina mita chache. Nichague vipi cha kupanda?

Ni swali linalouma, na watu wengi hulijibu kwa kupanda kila kitu kidogo kidogo, kisha hakuna kinachotosha hata sufuria moja. Gawanya kwa njia nyingine. Kwanza weka vile vinavyovunwa mara nyingi kutoka shina moja: mboga za kuchuma majani, pilipili, viungo vya majani, nyanya za kutambaa. Pili, vile vinavyoharibika haraka baada ya kuchumwa, kwa sababu hapo ndipo bustani ya nyumbani inashinda soko. Viazi, kabichi na mahindi yanayochukua nafasi kwa miezi na kuvunwa mara moja, yaache bila kujuta.

Kisha tazama juu. Ukuta, uzio na nguzo ni ardhi ambayo hujaihesabu. Maharage ya kutambaa na matango hupanda kamba, na chini yake saladi hupata kivuli chepesi inachokipenda wakati wa joto.

Nikibananisha mimea si nitapata mavuno zaidi?

Kwa kiasi fulani tu. Saladi za majani zinavumilia sentimita 20, karoti sentimita 5. Nyanya ukizipa chini ya sentimita 45 zinagombania mwanga, hewa haipiti kati yake, majani hayakauki, na ukungu unaingia. Panda zile zenye mizizi mifupi katikati ya zenye mizizi mirefu, na zinazoiva haraka katikati ya zinazochelewa. Figili huwa imeshavunwa kabla nyanya haijatanuka.

Vyungu viwe na ukubwa gani?

Vikubwa kuliko unavyodhani. Saladi na viungo vingi huhitaji kina cha sentimita 15 hadi 20. Pilipili hoho inahitaji lita 10 hadi 15, nyanya moja kama lita 20. Chungu kidogo hukauka mara mbili kwa siku wakati wa joto, na huwezi kusafiri hata siku moja. Ndoo iliyopasuka ikitobolewa chini hufanya kazi sawa na chungu cha dukani.

Usiweke kokoto chini kwa nia ya kusaidia maji yatoke. Ushauri huu umezoeleka mno, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu ya tabaka la kokoto, karibu zaidi na mizizi. Tundu lililo wazi na udongo mwepesi vinatosha.

Roshani itabeba uzito huo?

Uliza mwenye nyumba au fundi wa majengo kabla ya kubeba chochote kikubwa. Mchanganyiko mwepesi wa kupandia ukilowa unafika kilo moja au zaidi kwa lita. Udongo wa kuchimbwa uliolowa unakaribia kilo 2 kwa lita. Vyungu kumi vya lita 20 vyenye udongo wa kuchimbwa vinakaribia kilo 400. Vizito vikae karibu na ukuta wa nyumba, mbali na ukingo wa nje, na cha kuning'inia kifungwe upande wa ndani wa reli.

Nazungushaje mazao kwenye nafasi ya tuta moja?

Huwezi, kusema kweli. Kanuni ya kutorudisha familia ya nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo mahali pale pale kwa miaka mitatu ilitungwa kwa ajili ya mashamba. Kwenye tuta moja, ongeza mboji kila msimu, ondoa masalia yote ya mimea yenye ugonjwa, na kama ugonjwa wa udongo umeingia, hamishia familia hiyo kwenye vyungu vyenye udongo mpya kwa miaka michache.

## Kutoka ndogo kwenda kubwa

Nimepata eneo kubwa. Nililime lote mwaka wa kwanza?

Tafadhali usifanye hivyo. Nilifanya, ndiyo maana naomba. Nilizoea roshani, nikafika penye uwanja, nikalima kila mahali jembe lilipofika. Wiki ya tatu mvua zilikuja, na magugu yakanyanyuka pamoja na mboga kwa urefu mmoja. Kugeuza udongo kulikuwa kumezileta juani mbegu za magugu zilizolala miaka mingi. Nilichovuna kilitoka kwenye kona moja niliyokuwa nikiipita kwenda kuanika nguo, kwa sababu niliiona kila siku.

Anza na eneo lililo karibu na mlango wa jikoni na bomba, pengine mara mbili tu ya ulilozoea. Ongeza kila msimu, ukihakikisha la kwanza limekaa sawa.

Sehemu ambayo bado sijailima niifanyeje?

Isibaki wazi. Ardhi tupu hupigwa na mvua, hushikana juu, na magugu huichukua. Unaweza kuifyeka tu iwe nyasi fupi, au kupanda mimea ya kufunika udongo kama kunde na marejea, ukaikata inapoanza kutoa maua na kuilaza pale pale.

Sehemu unayotaka kupanda msimu ujao, fyeka, imwagilie, tandaza maboksi ya karatasi ngumu yaliyotolewa gundi ya plastiki, yapishane kwenye kingo, kisha weka majani makavu na mboji juu yake. Nyasi zitakufa kwa kukosa mwanga na minyoo ya ardhi italainisha udongo. Mimea yenye mizizi sugu ya kutambaa haitakwisha yote kwa njia hiyo. Utaifuatilia kwa mkono.

Nifanyeje kuhusu maji?

Hesabu iko kwenye swali la ukubwa unaoumudu. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 hupunguza sana maji yanayopotea kwa jua, ila yasiguse mashina. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 50 za mraba ni karibu lita 500, ukitoa kidogo kinachopotea, kwa hiyo mfereji wa paa na pipa lenye mfuniko dhidi ya mbu ni kazi ya kwanza yenye faida. Mipira ya matone huja baadaye, ukishajua matuta yatakaa wapi.

Miti ipandwe umbali gani na nyumba?

Tumia ukubwa wa mti uliokomaa, usihesabu mche unaoushika mkononi. Mizizi mingi inayonyonya chakula hukaa sentimita 30 hadi 60 za juu, na huenea kupita kivuli cha matawi. Mti utakaokuwa na matawi ya mita 8 usiupande mita 2 kutoka ukutani.

## Hali za pekee

Nimepanga nyumba. Nikihama, mimea niliyopanda ni yangu?

Mara nyingi kilicho ardhini huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, na kilicho kwenye chungu ni mali yako. Sheria hutofautiana, kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba mapema. Mpangaji nampa ushauri mmoja: ile unayoipenda kuliko zote, ikae kwenye chungu.

Nyumba mpya ni ya zamani sana. Udongo wake ni salama?

Karibu na kuta zilizowahi kupakwa rangi yenye madini ya risasi, na kando ya barabara zenye magari mengi, udongo unaweza kuwa na risasi hiyo. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kwa magari ya kawaida duniani kote mwaka 2021 tu, Algeria ikiwa ya mwisho, na risasi iliyotua ardhini haiozi. Peleka udongo ukapimwe. Wakati unangoja, panda mboga za majani na za mizizi kwenye maboksi yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, mbali na ukuta, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza hapo.

Kuna shimo la maji taka uwanjani. Naweza kupanda juu yake?

Nyasi na maua ya mizizi mifupi, sawa. Miti hapana, kwa sababu mizizi hufuata maji hadi ndani ya mabomba. Mboga za kula pia hapana.

Nahamia nchi nyingine. Naweza kubeba mimea yangu?

Jiandae kuiacha. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea wa mwaka 1951, nchi hudai cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya nchi unayotoka, na nyingi hukataa kabisa udongo. Hata mbegu huweza kuhitaji cheti. Uliza nchi zote mbili kabla ya kufunga mizigo. Usifiche kitu kwenye begi, maana wadudu waliovuruga mashamba ya watu wameshasafiri hivyo.

Nilihama bila kuchukua chochote, na kuna mmea mmoja unaninyima usingizi. Naweza kurudi kuuomba?

Nenda. Wanaoishi pale sasa wana haki ya kukataa, lakini mtu akiombwa kijiti cha urefu wa kidole mara nyingi hukubali. Usiombe mmea wenyewe. Piga simu kwanza, nenda asubuhi mapema majani yakiwa bado yamejaa maji, ukiwa na mkasi safi, karatasi iliyolowa na mfuko wa plastiki. Kata vitawi vitatu, maana kimoja huenda kisishike, vizungushie karatasi, funga mfuko ukiacha hewa kidogo ndani, na uvichomeke siku hiyo hiyo kama ilivyoelezwa kwenye swali la mimea ya kubeba.